Mmoja Zaidi Upande Wangu

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo kwa mama, wewe na wapwa wangu wote wawili. Natumaini mgongo wa mama umetulia na yule mdogo ameacha kuwakesha kwa meno yake. Mimi mwili ni mzima, ila moyoni nina jambo, nalo ndilo lililonikalisha chini mchana huu wa Ijumaa badala ya kulala, kama ulivyozoea kunisema.

Barua yako niliipata. Nilicheka uliponiuliza ni nani anayeichezea baiskeli ya marehemu shemeji, maana kila ukifungua stoo unakuta tairi zake zina vumbi jeupe, ilhali kufuli ni zima na ufunguo unalala nao kiunoni. Umeniambia umewabana watoto hadi wakalia, na wote wamekana. Nilicheka, kisha nikaisoma tena, na mara ya pili sikucheka. Waombe radhi watoto, dada. Hawana kosa.

Mama huwaambia majirani kwamba mimi ni mtu mkubwa serikalini, nami humwachia raha yake. Wewe unajua kwamba kazi yangu ni kukaa kwenye kigoda kando ya barabara, saa moja hadi saa tatu asubuhi, nikihesabu wanaovuka kwa mashine ndogo ya kubonyeza kwa kidole gumba. Waenda kwa miguu wana safu yao kwenye karatasi, baiskeli safu yao, skuta safu yao. Mimi nahesabu wanaoondoka upande wetu. Ng'ambo anakaa mwenzangu tunayemwita Macho Manne kwa ajili ya miwani yake, naye anahesabu wanaofika. Kila mmoja humwaga mstari wa chokaa mbele yake, na asiyeukanyaga hahesabiwi. Mhandisi wetu, tunayemwita Mzee Rula, ana sheria moja: barabara inayofikisha watu mia mbili kila asubuhi, kwa siku kumi, itawekewa taa, tuta na njia ya baiskeli. Isiyofikisha inangoja mwaka mwingine.

Safari hii tulipangiwa barabara ile. Ile aliyogongewa shemeji na lori la mchanga akienda kwenye cherehani zake.

Siku ya kwanza mimi nilipata watu mia mbili thelathini na mmoja, Macho Manne akapata mia mbili thelathini. Nikamwambia apanguse miwani. Akanijibu kwamba kidole changu kina kiherehere kama mwenyewe. Siku ya pili tulibadilishana mashine, na bado nikamzidi mmoja. Siku ya tatu vilevile. Na huyo mmoja kila siku alikuwa kwenye safu ya baiskeli.

Nikaanza kuwa makini. Dada, ikifika saa moja na dakika arobaini, magari yanakatika. Barabara yote inakuwa tupu pande zote mbili, na hata honi za mbali husikii. Kidole changu kinabonyeza chenyewe. Mbele yangu hakuna mtu. Nikiinama naona alama kwenye chokaa, gurudumu la mbele limepita limenyooka, ila la nyuma limekwenda likiyumba kushoto na kulia. Kisha magari yanarudi, na chokaa ya Macho Manne ng'ambo haina hata mkwaruzo.

Gurudumu la nyuma la nani lilikuwa likiyumba vile? Nani kila Jumapili alikuahidi kwamba leo atalinyoosha? Niliogopa, sitakudanganya. Jumamosi nikaipata barua yako yenye habari za vumbi jeupe.

Juzi Jumatano ilikuwa siku ya kumi. Kulikuwa na manyunyu, watu wakawa wachache. Macho Manne alimaliza na mia moja tisini na tisa. Mimi mia mbili kamili. Mzee Rula alizitazama karatasi zetu akasema kwamba aliyeondoka lazima afike, na asiyefika hakuondoka, kwa hiyo nimfute yule mmoja na barabara isubiri. Nikamwambia simfuti. Miaka sita nimemwitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee, kwa hiyo aliniuliza kama nimelewa. Akasema kesho atakuja kuhesabu mwenyewe.

Alhamisi alikuja na kigoda chake, shati limepigwa pasi na rula ndani ya mfuko kama kawaida. Alininyang'anya mashine. Saa moja na dakika arobaini barabara ikawa tupu, nami nikasikia mashine ikilia mkononi mwake. Alikitazama kidole chake kana kwamba ni cha mtu mwingine. Kisha akapiga magoti akaipima ile alama kwa rula, maana hajui kuishi bila kupima, akaipima tena. Akavua kofia.

Tulipokusanya vigoda, alitia saini kwenye mia mbili yangu ya Jumatano. Ndipo akaniuliza kwa sauti ya chini kama namjua mtu yule. Nikamwambia ni shemeji yangu. Nikamwambia na hili ninalokwambia wewe sasa.

Mwaka jana pia barabara ile ilihesabiwa, na aliyepangwa ni mimi, peke yangu. Nilikaa pale asubuhi tatu tu. Zile saba zilizobaki nilishinda kwa kinyozi wa pale kona nikitazama marudio ya mpira, na karatasi nikaijaza kwa namba za kubuni kichwani. Niliandika mia na arobaini, mia na hamsini na tano, mia na sitini. Niliziweka ndogo makusudi, kwa kuwa Mzee Rula huzihoji namba kubwa, na ndogo huzitia saini bila kuuliza. Taa zikapelekwa mtaa mwingine. Wiki kumi na moja baadaye shemeji alibana mguu wa suruali kwa kile kibanio chake cha nguo, akatoka.

Watu walikuwepo, dada. Mimi ndiye niliyewafuta. Siku ya mazishi ulinishika mkono ukasema una bahati kuwa na ndugu kama mimi, na mimi nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka leo, na aibu hii imenila. Ndiyo maana Jumatano sikuweza kumfuta yeye.

Kuanzia Jumatatu kigoda si changu tena. Mzee Rula amesema nitajibu ofisini, na sikumbishia. Wewe nawe ukiamua kutonijibu, nitaelewa.

Msalimie sana mama, umweleze polepole. Wabusu watoto, na mwambie mkubwa kwamba mjomba wake ndiye aliyestahili kubanwa.

Nina ombi moja tu. Mzee Rula amesema taa zitawashwa kwa mara ya kwanza Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao, asubuhi. Siku hiyo usifunge stoo. Uache mlango wazi, avuke, kisha apate pa kurudi.

Ni mimi,
mdogo wako.