Barafu Haibebi Wala Haizamishi

Rantakylä,
Savo, Ufini.
29 Aprili.

Mpendwa wifi Raili,

Pokea salamu zetu huko Perth, wewe na shemeji Desmond na wale vijana wawili wanaokua kila nikigeuka. Mgongo wako unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema huwezi hata kuinama kufunga viatu, nami nimekuwa nikikufikiria kila ninapomwinua Onni kutoka kitandani kwake. Natumaini umepata nafuu na jua la huko linakukanda vizuri kuliko sisi tungeweza.

Sisi ni wazima. Wifi, lishike neno hilo kabla hujaendelea kusoma, maana yaliyo chini yake yatakutia hofu. Vilja ni mzima, Onni ni mzima, baba yako ni mzima. Mimi nami ni mzima.

Sikukupigia simu kwa sababu unaijua nyumba yetu. Ukikohoa jikoni, Baba anakuuliza kutoka sebuleni kama umeshikwa na mafua. Mambo haya siwezi kuyasema huku yeye anasikia, na siwezi kwenda kuyasemea nje nikamwacha Vilja peke yake ndani. Siku hizi siwezi kumwacha popote.

Mwaka huu baridi imekataa kuondoka, kama mgeni aliyekwisha kuaga kisha akakaa tena. Theluji ilianguka hata baada ya Pasaka. Usiku maji yanaganda, mchana jua linawaka, na ziwa limekuwa kijivu kama sufuria kuukuu. Ni kile kipindi unachokijua: barafu haibebi wala haizamishi. Kwa miguu huendi, kwa mashua huendi. Imeshageuka sindano. Ukiitazama ni nene kama ukuta, ukiigonga kwa fimbo inamwagika kama njiti za kiberiti.

Wavuvi wote wako ufukweni wanangoja. Mashua zimepakwa lami na kufunikwa kifudifudi, ndoano zimenolewa mpaka zimechoka. Kila mtu anajua samaki waitwao hauki wanakuja kutaga kwenye matete siku zile za kwanza maji yanapofunguka, na hakuna anayetaka kuwa wa pili. Wanakunywa kahawa, wanachoma soseji, wanalitazama ziwa kama watu walio nje ya chumba cha upasuaji. Mzee Urpo jirani yetu hutangaza kila asubuhi kwamba litafunguka kesho.

"Kesho ya mwaka gani?" Bi Aune humuuliza. "Ungekuwa daktari wewe, wagonjwa wangekufa wote na matumaini yao."

Bi Aune hajabadilika. Bado anawashinda wanaume kwa samaki, na bado hampi mtu mwingine jiwe lake la kukalia karibu na moto.

Baba ndiye aliyeshindwa kungoja. Unamjua. Alfajiri, barafu ikiwa imekazwa na baridi ya usiku, alikuwa akichukua keekee yake na kigoda na kwenda kutoboa tundu kwenye barafu nje ya matete. Nilimwambia aache. "Asubuhi inabeba," ndilo lililokuwa jibu lake, halafu anarudi na samaki wa kutosha supu, nami ninakosa la kusema kwa sababu nitaipika na tutaila.

Jumanne iliyopita alirudi mapema na mguu mmoja umelowa mpaka kwenye paja. Akasema alikanyaga dimbwi pale ukingoni. Kumbe barafu ilimwachia, akatoka kwa tumbo, akaacha kigoda huko huko. Mimi hakuniambia. Aliyeambiwa ni Vilja, wakati wa uji, kwa mzaha: "Kigoda cha babu kimebaki ziwani, kinatulindia samaki." Mtoto wa miaka sita, wifi. Alicheka, mimi pia nilicheka, bila kujua ninachokicheka.

Mchana nilikuwa jikoni ninamnyonyesha Onni. Vilja alikuwa uani anachimba mifereji kwenye theluji inayoyeyuka, nilikuwa nasikia koleo lake. Kisha sikulisikia. Nikanyanyua macho dirishani nikaona kofia nyekundu ng'ambo ya matete.

Sikumbuki nilivyoteremka. Nilifika ufukweni na soksi za sufu, Onni mkononi, kifua wazi. Vilja alikuwa mbali, mbali kuliko mtu anavyoweza kurusha jiwe, na kati yetu barafu nyeusi imelowa inang'aa. Alikuwa anatembea kuelekea kwenye kigoda akiwa amenyoosha mikono kama anayepita juu ya ubao. Alitaka kumletea babu yake.

Urpo alijaza pumzi apige kelele. Bi Aune akamziba mdomo kwa glavu.

"Nyamaza wewe! Ukimtisha atakimbia, na akikimbia amekwisha."

Nikampa Bi Aune mtoto. Nilitaka kwenda, wifi. Mguu wangu ulikuwa umeshanyanyuka. Lakini mimi ni mzito kuliko yeye, na kama ningepasua barafu ningempasulia na yeye. Sijawahi kupewa kazi ngumu kama ile ya kusimama.

Baba alitoka mbio kwenye kibanda cha sauna, alikuwa anapasua kuni. Alipoona, aliteremka moja kwa moja kuelekea kwenye barafu kwa miguu yake. Nikamwambia maneno ambayo sijapata kumwambia mzazi: "Baba, ukikanyaga hapo bila mashua, usirudi nyumbani kwangu." Akasimama. Akanitazama kama mtu aliyeamshwa. Kisha yeye na Urpo wakaigeuza mashua na kuanza kuisukuma juu ya barafu kama wazee wa zamani walivyofanya, kila mmoja mguu mmoja ndani na mwingine nje unapiga teke, ili barafu ikiachia waangukie ndani ya mashua na si ndani ya ziwa.

Mimi kazi yangu ilikuwa sauti. Nilimwita kama ninavyomwita kula.

"Vilja! Mama yuko hapa. Simama hapo hapo, mama."

Akageuka. "Nimekiona kigoda cha babu!"

"Nimeona. Kiache kwanza. Tucheze sili, yule mnyama wa majini. Lala kwa tumbo kama sili."

"Kuna maji, mama. Nguo zitalowa."

"Zilowe. Leo mama hagombi."

Alinitazama kwanza kuhakikisha, kwa maana hilo si jambo analolisikia kila siku. Kisha akalala. Nikamwambia sili hana miguu, anajivuta kwa mikono, anakuja kwa mama yake polepole. Akaja. Kila alipojivuta, barafu chini yake ilitoa mlio, siyo wa kuvunjika, mlio kama mtu anayevuta pumzi. Ninausikia hata sasa nikimenya viazi.

Mashua ilipofika katikati ilitumbukia. Urpo alitukana ziwa na ukoo wake wote. Baba akawa anaivunja barafu mbele kwa kasia, hatua kwa hatua, nami nikaona kila pigo lake linachora ufa unaokwenda kwa Vilja. "Baba, acha!" Akaacha. Akalala juu ya ncha ya mashua, akanyoosha kasia kadiri mkono wake ulivyofika.

"Njoo kwa babu, sili wangu. Shika mti huu."

Mkono mmoja wa Vilja ukazama mpaka kwenye bega. Hapo alilia, kwa mara ya kwanza. Sikuweza kusema tena, sauti ilikuwa imekwisha. Ni Bi Aune nyuma yangu, na Onni analia mikononi mwake, aliyesema kwa utulivu kabisa, "Na mkono wa pili, binti. Huo wa pili ndio wenye nguvu." Akaushika mti kwa mkono wa pili. Baba akamvuta, na mahali tumbo lake lilipokuwa barafu ikafunguka nyuma yake, maji meusi matupu.

Tulimweka kwenye joto la sauna, tukampa maji moto ya matunda na sukari nyingi. Meno yalipoacha kugongana aliniuliza, "Mama, sili hula maandazi ya Mei Mosi?" Nikasema hula, lakini siyo kabla ya Mei Mosi.

Baadaye nilimkuta Baba amekaa kwenye ngazi za sauna, nguo zimemkaukia mwilini.

"Asubuhi ilinibeba," akasema.

"Asubuhi si mchana, Baba."

"Nililijua hilo kabla hujazaliwa."

"Wewe unalijua. Yeye hajui. Anachojua yeye ni kwamba babu alipita pale."

Nikamwambia nyumba hii ina sheria mpya: mpaka ziwa lifunguke, hakuna mguu wa mtu wa nyumba hii utakaogusa barafu, wa mdogo wala wa mkubwa. Na kama hawezi, mimi nitawachukua watoto niende mjini kwa mama yangu, nirudi mawimbi yakionekana. Nilisema bila kupandisha sauti. Moyoni nilikuwa nalia, maana nampenda, wifi, unajua alivyonipokea nilipoolewa. Lakini nilisema.

Tangu siku hiyo hakula mezani. Alichukua sahani akaenda nayo chumbani, ikarudi imejaa. Hakuzungumza na mtu, hata na Vilja, na mtoto akawa ananiuliza babu amemkasirikia nini. Kaka yako Jarkko bado yuko msituni kaskazini na lori lake la magogo, anarudi Jumamosi. Nilimweleza kwa ujumbe wa simu. Akanijibu, "Wewe ndiye uliyekuwepo. Utakalolisema ndilo." Nikashukuru, na nikaogopa zaidi, kwa sababu nilikuwa nataka mtu mwingine aseme.

Kilichonitisha mno ni kiburi cha Baba. Nilidhani ataondoka alfajiri moja kwenda kulithibitishia ziwa kwamba bado ni mwanamume, na Vilja atamfuata kumwomba msamaha wa kosa asilolijua. Nimekuwa nikilala na sikio moja mlangoni. Onni akiamka kunyonya ninashukuru, maana ninapata sababu ya kuwa macho.

Jana nilipoamka jua lilikuwa limeshatoka. Nilikuwa nimelala, wifi, nimelala kama gogo. Kitanda cha Baba kitupu. Kitanda cha Vilja kitupu. Mabuti ya wote wawili hayapo mlangoni, makubwa na madogo.

Nilikimbia tena njia ile ile, Onni mkononi, na nakwambia, hofu ya mara ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza kwa sababu inajua inakokwenda.

Walikuwa ufukweni. Baba amekaa juu ya mashua iliyopinduliwa, mgongo umenyooka, amejifunga kiunoni ile kamba ya uokozi ambayo wavuvi huibeba. Ncha ya pili ilikuwa imezungushwa kwenye mkono wa Vilja, juu ya glavu. Mtoto amesimama nchi kavu kwenye majani, miguu ameitanua, uso wake mkali kama wa mwalimu.

"Mama, usituguse," akaniambia. "Niko kazini. Babu amesema nisimwachie aende kwenye barafu hata akiniomba."

"Ameshaomba?"

"Mara moja. Alikuwa ananijaribu. Nilimvuta."

Urpo alikuwa anacheka mpaka kahawa inamwagika. "Taisto! Leo umefungwa kama ng'ombe wa mnada!"

"Afadhali ng'ombe mwenye mchungaji," Baba akasema. Ndiyo maneno yake ya kwanza niliyoyasikia tangu Jumanne. "Wewe umezurura maisha yako yote na hakuna aliyekutafuta."

"Kaza, Vilja," Bi Aune akasema bila kugeuka kutoka kwenye moto. "Huyo ana pembe."

Baba hakunitazama. Alisogea kidogo pembeni, akanipa nafasi juu ya mashua. Nikakaa. Akanimiminia kahawa kwenye kifuniko cha chupa yake, na tukalitazama ziwa, sisi watatu na Onni. Nyumbani akala viazi vyote.

Lakini sitakudanganya, bado naogopa. Upepo umegeukia kusini tangu jioni na barafu inanguruma, ishara kwamba haina siku nyingi, na siku hizi za mwisho ndizo mbaya kuliko zote. Ninawahesabu watoto hata wakiwa wote mapajani mwangu.

Nakuomba jambo moja. Ukipiga simu Jumapili, usimgombeze Baba. Najua utataka, na una haki, lakini mimi nimeshamgombeza na imetosha. Omba kuzungumza na Vilja kwanza. Muulize kama ng'ombe wake yuko salama, na umwache akueleze mwenyewe, kwa sauti yake ile kubwa, Baba akiwa anasikia. Kisha ndipo uzungumze na baba yako, na umuulize habari za samaki.

Msalimie sana shemeji Desmond, umwambie soksi anazosubiri nimezifuma mpaka kisiginoni. Wasalimie Kieran na Toby, na yule mama Mfini wa dukani anayekuwekea mkate mweusi. Bi Aune anakusalimu, na Urpo anasema ziwa litafunguka kesho. Mungu akuponye mgongo wako, awaangalie wanao mahali ambapo macho yako hayafiki, kama alivyomwangalia wangu.

Mimi wifi yako nikupendaye, niliyechoka lakini nipo,

Tuuli