Betri za Redio ya Shule

Jumatatu. Jua kali, mvua bado.

Nimetoka kukata kuni za bani la kukaushia tumbaku. Mikono inauma, lakini naandika. Herufi nimezijua ukubwani, kwenye kisomo cha jioni. Hasira nitaiweka wapi kama si hapa.

Kalunde karudishwa nyumbani.

Huyu mwanangu surua ilimchukua macho. Mwaka huohuo mama yake akafa. Shule ya hapa Goweko ilimkataa, mpaka kijiji kilipopata redio ya masomo. Mwalimu anaiwasha, darasa zima linasikiliza. Hapo Kalunde si kipofu. Wenzake wanachungulia nje, yeye anashika kila neno. Hesabu anajibu wa kwanza. Jioni ananifundisha mimi.

Jumamosi wanaume tulikwenda kuichukua redio tukasikilize mpira kilabuni. Mwalimu akakataa. Tukamwambia hii mali ya kijiji, mali ya wote, au yeye ni bepari? Watu wakacheka. Akatoa ufunguo. Mpira ulipokwisha tukaacha muziki uendelee, mpaka sauti ikafifia kama ya mgonjwa.

Aliyeibeba begani ni mimi.

Leo asubuhi redio kimya. Duka la ushirika halina betri, na waliotoka mjini wanasema hata kwenye maduka ya Mtendeni hakuna. Mwalimu akaandika somo ubaoni. Kalunde akakaa tu. Wakati wa mapumziko mwalimu akamshika mkono, akamleta mpaka banini.

"Baba Kalunde, ubao siwezi kumsomea, darasa limejaa. Redio ndiyo ilikuwa mwalimu wake. Akae nyumbani mpaka betri zipatikane."

"Zitapatikana lini?"

"Waulize wenzako wa mpira."

Kalunde akataka kujua nani kazimaliza. Nikasema sisi wanaume.

"Na wewe, baba?"

Na mimi.

Ugali kala kanipa mgongo.

Mali ya wote. Wote tuliokuwa na macho.

Betri zilizokwisha nimeziomba kwa mwalimu, nimezipanga kwenye ukuta wa bani, zipate joto. Labda zitaamka hata robo saa. Zisipoamka, nitakata kuni alfajiri, kengele ikilia naingia darasani. Nitakaa sakafuni kando yake nimsomee ubao, herufi moja moja, polepole, ndivyo ninavyojua. Watoto watacheka. Wacheke.

Kama mwenyewe Kalunde atakubali nikae.