Benchi la Stoo ya Chokaa

4 Machi

Mwanangu,

Hujambo huko? Mimi mgongo unanisumbua, ila mistari ya uwanja bado naichora mwenyewe, na imenyooka. Nimeona ratiba ubaoni: Jumamosi ijayo mwamuzi wa kati ni wewe! Hapa hapa kwangu! Nimezunguka uwanja natabasamu peke yangu kama mwehu.

Ila chumba cha kuvalia ni kile kimoja, cha wanaume, na katibu wa chama cha mpira hataki kusikia habari nyingine. Nimekutolea magunia ya chokaa stoo, nikaweka benchi, pazia na msumari wa kutundikia nguo. Utavalia humo, usiwe na wasiwasi.

Baba yako

17 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima.

Benchi lako lilikuwa na chokaa, na stoo ina giza. Niliingia uwanjani bukta nyeusi imechafuka nyuma, jukwaa zima likapiga kelele: "Rudi jikoni, unga umekujaa!" Maneno hayo nimeyazoea, yanaingia sikio hili yanatokea lile. Lakini katikati yake nikasikia kicheko kinachoishia na kikohozi. Nikageuka. Ulikuwa umeegemea toroli, wewe na wenzako, unacheka.

Wewe, Baba, uliyenisimamisha kwenye duara la kati nikiwa darasa la tatu, ukanifundisha kupuliza filimbi.

Mwanao

25 Machi

Mwanangu mpenzi,

Natumaini u mzima. Benchi nililisahau kulifuta, hilo ni kosa langu. Kicheko ni kosa kubwa zaidi. Walinitazama wote, nikaona nisipocheka watanigeukia mimi. Niliwaogopa watu ninaokunywa nao chai tu! Naona aibu hadi kupita katikati ya uwanja. Nijibu, hata kwa kunitukana.

Baba yako

30 Agosti

Mwanangu,

Afya yako vipi? Hii ni barua ya nne bila jibu. Katibu ameniambia, tena akitabasamu, kwamba umerudisha filimbi chamani na huchezeshi tena.

Stoo nimeipaka rangi, ina taa na kioo. Benchi nalifuta kila Jumamosi asubuhi, na hakuna anayelikalia.

Jana mlinzi wa geti alianza tena utani wake juu yako. Sikucheka. Nilimtazama tu, akanyamaza, akaenda zake. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo, mwanangu.

Baba yako