Sauti ya Muthama Kwenye Simu Iliyokwama

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakupata ukiwa na nguvu, na mgongo umekuachilia kidogo. Mbaazi zimeshika maua ama jua limezimaliza? Mimi ni mzima, ila moyo hautulii hapa Doha. Soma ukiwa peke yako kwanza. Nimempa Kyalo wa Masinga, tunayelala naye chumba kimoja, akija likizo akuwekee mkononi, kwa sababu simu yako Baba ndiye huishika, na huongea kwa spika.

Ni habari ya Muthama.

Nikiwa kazini, ujumbe wa sauti uliingia kutoka nambari nisiyoijua. Chini yake ameandika, "Kaka, ni mimi." Kabla nisikilize, simu ikazima. Nikiiwasha inaonyesha nembo, inazima, inarudia. Ni ile nzee niliyouziwa na mtu. Tangu mdogo wangu atoroke hatujasikia neno, halafu anaongea na simu inakufa! Nikaipeleka kwa fundi wa simu.

Fundi akasema, "Nitafuta kila kitu, iwake kama mpya."

"Hapana! Kilicho ndani ndicho nataka."

Nikampelekea Musa, mtu wa Tanga anayeendesha kreni hapa kazini, kwa sababu ako na kompyuta. Akanieleza kuna programu ya uokoaji ambayo watu hujitengenezea. Ile ya kiwandani inajua kufuta tu. Hii inatoa mafaili hata kama simu haiwaki. Shida ni kwamba simu ikiwa imefungwa na kampuni, ukiifungua unapoteza kila kitu. Bahati, aliyeniuzia alikuwa ameshaifungua.

Tukaunganisha waya. Nikakaa, nikasimama, nikatoka nje, nikarudi.

"Keti bwana, unanichanganya," Musa akasema.

Mara ya kwanza ikakataa, programu ilikuwa ya simu nyingine. Akatafuta ya hii yangu, menyu ikatokea. Tukanakili sauti zote kwenye memori kadi, kisha akafuta takataka za mfumo pekee. Simu ikawaka, na nambari iko.

Mwaitu, ni yeye. "Kaka, niko Konza, nachunga ng'ombe za watu. Usiwaambie bado. Ile siku pikipiki ilianguka na Baba, mimi ndiye niliendesha mbio. Niambie tu, Baba anatembea?"

Kumbe yuko hapo Konza, na mimi nikidhani amevuka mpaka! Nikampigia. Nikamwambia, "Anatembea. Ako na fimbo, lakini anafika sokoni Ekalakala." Nikasikia analia, akakata. Tangu hapo hashiki simu, na mimi silali vizuri. Mkataba haujaisha, siwezi kutoka. Wewe unaweza. Nenda Konza ukamtafute, nambari nimeiandika nyuma ya karatasi hii.

Nisalimie nyanya, Susu wetu, na dada yangu Mwende na mtoto wake.

Na ukimwambia Baba, akitaka kwenda nawe, usimzuie. Acha Muthama amwone akija kwa miguu yake.

Ni mimi mwanao, mwenye kukuwaza,
Kioko