Uji wa Mzazi

Mbulumbulu, Jumapili, Juni 1984

Eti nyama ya kuchoma. Shemeji Bura, kaka yake mume wangu Baba Neema, ametuletea paja zima la mbuzi ili mdogo wake mgonjwa apate nguvu. Mtu ambaye mionzi ya kansa imemuunguza koo mpaka mate yake mwenyewe yanamkata kama wembe, anapewa mfupa autafune. Asante sana, shemeji.

Daktari wa Dar alituambia tupumzike nyumbani vidonda vipoe, kisha turudi kumalizia mionzi. Baba Neema akirudi amekonda zaidi ya hivi hawatamtibu. Na uvimbe hautamsubiri. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, wala si huyu mtoto mchanga.

Nikaleta uji wangu wa uzazi, ninaokunywa tangu nijifungue, wenye maziwa na samli. Ukiwa vuguvugu unamteremka. Lakini leo mume wangu alimtazama kaka yake, akafunga mdomo. Mwanaume bwana!

"Shemeji," Bura akasema, "unamnywesha mdogo wangu uji wa mzazi?"

"Ndiyo, shemeji. Mpongeze, amejifungua salama."

Baba Neema akacheka bila sauti, mkono kooni, machozi yakimtoka. Nikamwekea kikombe mdomoni kabla hajabadili nia.

"Meza."

Kila funda lilimkunja uso. Roho iliniuma, ila kikombe sikukiondoa mpaka kikaisha.

Bura alikula nyama yake. Wakati wa kuaga akaninong'oneza, "Samli ikikuishia, uniambie."

Kesho nataka anywe vikombe viwili, anune asinune.