Kerea Sijaitoa

Dada Zuhura, shikamoo.

Kazi za huko Dodoma zinakuachia pumzi? Mimi mzima, na nimezidi kupendeza, usibishe. Baiskeli niliyokuwa nakupakia ukiiona leo hutaitambua! Nimefunga tairi zenye meno za kushika tope, na breki za diski, maana zile za zamani nilizisaidia kwa kandambili mpaka nikafika Soni peku. Kilima kikikataa naibeba begani nakimbia nayo. Mashindanoni wananiita mtambo.

Fundi Benjamini akasema, "Toa na hiyo kerea ya nyuma, inakupa uzito bure."

Nikamjibu, "Fundi, wewe funga ulichoambiwa."

"Kwani siku hizi unampakia nani?"

Nikamsogezea spana.

Tangu tumzike mama hujapanda huku. Nikirudi nyumbani napiga hodi mwenyewe, naitikia mwenyewe. Mwanzoni nilikuwa nacheka.

Kerea sijaitoa, dada. Nimeishonea mto kwa ile khanga uliyoisahau. Ukishuka basi Soni, usichukue bodaboda. Niambie siku tu.

Mdogo wako, bingwa wa milima yote,
Kassimu