Nasieku Ameuliza Nani Alikupiga

Dada Veronika,

Chumba chako nyuma ya mashine ya kusaga kimeshapangishwa. Wanaweka mahema ya watalii. Mikeka ya watoto uliokuwa ukiwapokea humo niliikuta imetupwa nje, imelowa, nikaibeba kwangu.

Nina hasira, dada. Ilianza siku ya mazishi yako. Waliosimama kukusifu ni wale wale waliokuita mvunja ndoa za watu kwa kuwatetea wanawake wanaopigwa. "Alikuwa mama wa watoto wote," alisema mmoja, huku akijifuta macho. Nilitaka kumnyang'anya kipaza sauti. Nikaimba na kwaya, basi.

Juzi Nasieku wetu wa kule juu Nainokanoka alikuja na bibi yake. Yule aliyemwona baba yake akimpiga mama yake mpaka akafa, kisha akanyamaza, asiseme na mtu. Siku ile tulipopanda kwao mara ya kwanza nilianza kumhoji, ukanigusa goti: "Regina, acha. Mtoto si shahidi wa mahakamani." Ukakaa naye kwenye nyasi mkimtazama ndama akinyonya, mpaka akaegemea mkono wako. Bibi yake ukamwomba asimkaripie akikojoa kitandani, na asimdanganye kwa lolote.

Habari za kifo chako hazikuwa zimewafikia. Bibi alikuletea kibuyu cha maziwa, maana mtoto ameanza kuzungumza. Anazungumza, dada! Na wewe hupo kumsikia. Nilikipokea kibuyu, nikageuza uso. Bibi alinitazama tu, akaelewa, akakaa chini. Nasieku akanishika kanga.

"Nani alimpiga?"

Nikamwambia hukupigwa, uliugua. Hakuniamini. Kwa mtoto yule, mwanamke hafi mpaka apigwe. Majirani walisikia vilio vya mama yake wakasema ni mambo ya ndani. Hao ndio waliomfundisha.

Nikawapeleka kaburini. Nilimweleza yote: uvimbe, hospitali, jinsi ulivyokonda, na kwamba hakuna aliyekuinulia mkono. "Alilia?" Ndiyo, ulilia. "Nani alikuwa naye?" Mimi. Hapo ndipo alipolia, mara ya kwanza tangu mama yake afe. Bibi alifungua mdomo amnyamazishe, akajizuia, akamvuta kifuani. Ningetoa chochote uone.

Ila usidhani mambo ni mazuri. Baba yake hakushtakiwa. Walisema mke alianguka. Sasa ameoa tena, na ukoo unataka Nasieku arudi kwake akachunge mbuzi, eti damu ni damu, na mtoto husahau. Bibi amewakatalia mbele ya kikao, peke yake, mwanamke mzee kati ya wanaume. Jumatatu naandamana naye ofisi ya ustawi wa jamii. Wakituambia turudi kesho, tutalala mlangoni.

Watu wanasema umepumzika. Wanakusema vizuri sana sasa, kwa kuwa huwasumbui tena. Mimi nitawasumbua.

Lala, dada. Siwezi kuandika lala kwa amani, maana amani yenyewe sijaiona. Lakini Nasieku harudi kwenye ile nyumba. Hilo nakuahidi.

Mdogo wako,
Regina